Jibu: Mbwa mkubwa anamngurumia mtoto wa mbwa

Ndugu, umeuliza iwapo umchape mbwa wako mkubwa kwa kumngurumia mtoto wa mbwa wa wiki 9 uliyemleta juzi. Usimchape. Kunguruma ni onyo, na mbwa anayezuiwa kuonya hujifunza kuuma bila kuonya. Angalia kama mdogo hurudi nyuma anapoonywa, na kama mkubwa naye huishia hapo. Akiendelea kumfuata au kumbana ukutani, watenganishe mara moja.

Kila mmoja ale kwenye bakuli lake, mbali na mwenzake, kwa kuwa ugomvi mwingi huanzia kwenye chakula na mifupa. Jambo ambalo wengi hulipuuza ni kwamba mtoto anayeshinda na mbwa wenzake tu huwasikiliza wao kuliko wewe. Kwa hiyo kila siku mchukue peke yake, umwite jina na kumlisha kwa mkono.

Wepesi wake wa kuzoea wageni na kelele za bodaboda hupungua baada ya takriban wiki 14, ilhali chanjo za parvo (ugonjwa hatari wa virusi ambao mbwa huambukizana) hukamilika karibu na wiki 16, hivyo mpakate mnapotoka, wala usimweke chini wanapopita mbwa wa mitaani.