Michoro ya baba haifunguki: niigeuze iwe JPEG?

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu baba alipenda kuchora kwenye kompyuta, na ametuachia faili 340 zinazoishia na .pcx. Simu yangu haizifungui. Nilijaribu kubadili jina la moja iwe .jpg, bado ikagoma. Kwenye kompyuta ya jirani ilifunguka moja, mchoro wa mama, lakini uso umekuwa mpana, si wake kabisa. Kijana mmoja ananishauri nizigeuze zote ziwe JPEG, kisha nifute za zamani. Nimsikilize?

JIBU: Marahaba, na pole sana. Nakusihi usifute hata moja.

Kubadili jina hakugusi kilichomo ndani. PCX ilikuja na PC Paintbrush ya kampuni ya ZSoft, miaka ya 1980, na ina namna yake ya kubana picha: pikseli (vidoti vinavyounda picha) 40 nyeupe zikifuatana, haiandiki nyeupe mara 40, inaandika "40, nyeupe". Hakuna kinachopotea. PNG, aina nyingine ya faili ya picha, nayo hubana bila kupoteza kitu, ndiyo maana nataka uhamie huko.

JPEG ni ya picha za kamera. Huikata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kutupa yale ambayo jicho halitayaona sana. Kwenye mchoro wa mistari jicho linayaona. Niliwahi kuigeuza michoro ya marehemu kaka yangu hivyo, nikafuta ya awali. Leo kila mstari mweusi umezungukwa na vidoa vya kijivu kama vumbi, na sina pa kurudi. Bado inaniuma.

Kwa hiyo nakili folda yote kwanza, uweke nakala mahali pengine. Kisha programu ya IrfanView itazigeuza zote kwa mkupuo mmoja. Ukiwa umezoea kuandika amri, weka programu ya ImageMagick, ingia kwenye folda ya nakala na uandike:

magick mogrify -format png *.pcx

Usisahau hilo neno -format. Bila hilo, mogrify huandika juu ya faili ileile uliyoipa.

Ikitokea picha yenye rangi za ajabu, anga jekundu na nyuso za kijani, huenda faili imekatika mkia. PCX ya rangi 256 huweka orodha ya rangi zake mwishoni kabisa, kwenye baiti 768 za mwisho. Tafuta nakala nyingine kwenye disketi za baba kabla hujakata tamaa.

Sasa uso wa mama. Tazama vipimo vya picha hiyo. Nina hakika karibu kabisa utakuta 320 kwa 200. Skrini za wakati ule zilikuwa na uwiano wa 4 kwa 3, na kwa vipimo hivyo kila pikseli ilionekana ndefu kuliko upana wake. Baba alimchora akimwona sawasawa. Skrini ya leo yenye pikseli za mraba ndiyo inayombonyeza. Iache PNG ya kwanza kama ilivyo, toa nakala yake, uikuze iwe 1600 kwa 1200, yaani mara 5 kwa upana na mara 6 kwa urefu, na uzime ulainishaji (programu kuchanganya rangi za pikseli jirani inapokuza picha) ili mistari isififie.

Anza na huo mmoja, umwonyeshe mama, ndipo ugeuze hizo 339 zilizobaki.