Mnaoanza kuongoza watalii Dar: jueni watu wa mtaa kabla ya janga

Wadogo zangu, mmeingia kazini wakati mzuri. Lakini mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5, na 2020, corona ilipoingia, walishuka hadi takribani 620,000. Kuanzia Aprili mpaka katikati ya Mei mwaka huo ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa. Waliotegemea wageni wa Ulaya tu walifunga ofisi, hata wale hodari.

Waliosimama walikuwa na watu. Angalieni kisiwa cha Mbudya. Mgeni mmoja akivuka kutoka Kunduchi wanapata riziki kupitia kwake mwenye boti, mvuvi, mama anayekaanga samaki, na kijana wa madafu. Wazungu walipokatika, waliobaki kuvuka ni familia za Sinza na Tabata, Jumapili, na watoto wao. Mwongozaji aliyekuwa anaelewana na yule mama aliweza kukaa naye, wakapanga bei ya sahani ambayo mtu wa hapa anaimudu, safari ikaendelea. Asiyejua hata jina lake angeanzia wapi? Na mwenyeji akija, mhudumieni sawasawa na mgeni wa dola. Inaniuma sana kuona anasukumwa kwenye kiti cha nyuma.

Ugonjwa ukiingia, watu wa mtaa watamtazama mgeni kwa shaka, na wana haki. Msipeleke kundi soko la Feri au Kariakoo halafu mkaanza kubishana pale pale. Tangulieni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na wenye meza, muwasikilize wanataka nini. Kwa kawaida ni mambo madogo: watu wachache, asubuhi kabla soko halijafurika, hakuna kupiga picha bila ruhusa, na ndoo ya koki yenye sabuni mlangoni. Hapo hapo mkubaliane nani anaijaza. Ndoo isiyo na mwenyewe inakauka kufika saa nne, na ikikauka hakuna atakayewaamini tena.

Amana ya mgeni msiiguse kabla safari haijafanyika; akiomba kuahirisha, mnayo.

Mwisho, jiungeni kikoba kimoja, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, na madereva na wenye boti mnaofanya nao kazi. Kabla ya kununua hisa, muulizeni mweka hazina kama kuna mfuko wa jamii wa kusaidiana kwenye shida, na mwanachama akikosa kazi miezi mitatu anapewa kiasi gani.