U-852, nyambizi ya Kijerumani ya Vita vya Pili vya Dunia: kwa nini haikujificha chini ya maji?

Haikuweza. Tarehe 2 Mei 1944 ndege za kivita aina ya Wellington za Waingereza kutoka Aden ziliikuta juu ya maji pwani ya Somalia, zikaidondoshea mabomu ya kina (yanayolipuka chini ya maji). Ilipiga mbizi, lakini betri zilikuwa zimeharibika. Nyambizi za enzi ile zilikwenda kwa mota za umeme zikiwa chini, kwani dizeli inataka hewa. Betri ikipasuka, maji ya chumvi yakikutana na asidi hutoka gesi ya klorini, nayo huua. Ikabidi iibuke. Kesho yake kapteni Heinz-Wilhelm Eck akaipandisha ufukweni, kusini ya Ras Hafun. Mabaharia wake 7 walikufa, 59 wakatekwa.

Wajerumani wenyewe wakailipua, ila kitabu cha safari kikanusurika, na hicho ndicho kilichomtia Eck hatiani. Kilionyesha kwamba ni yeye aliyeizamisha meli ya Kigiriki Peleus, tarehe 13 Machi. Usiku ule aliamuru mabaki yanayoelea yapigwe risasi na mabomu ya mkono, ndege zisigundue alipo, huku mabaharia wa Peleus wameng'ang'ania hayo hayo mabaki. Waliookolewa ni 3 tu. Kwa hilo Eck alihukumiwa kifo, akapigwa risasi Hamburg, 30 Novemba 1945, pamoja na maofisa wake wawili.