Usimwage maji ya betri kwenye choo cha boti

Mkuu acha. Hiyo chupa irudishe ulikoitoa. Umesema pampu ya choo imekuwa ngumu, maji yanarudi, boti inanuka, unauliza na bei ya mpira mpya, ule bomba la kutolea uchafu wa choo, halafu kuna mtu kakwambia maji ya betri ndio kiboko ya ule ukoko mweupe unaoziba ndani ya mpira. Huyo mtu ni yule yule wangu au ndugu yake, maana na mimi nilidanganywa hivyo hivyo tukiwa tumepaki Msasani, "mwaga, lala, asubuhi choo kipya". Fundi betri bwana! Nikamwamini kisa ana ovaroli.

Ule ukoko ni kalsiamu ya maji ya bahari, inaganda ikikutana na mkojo uliolala kwenye mpira. Asidi ya betri ni salfuriki, na salfuriki ikigusa kalsiamu inatengeneza jipsamu, ndio, hiyo hiyo unayoijua ya dari, na jipsamu haiyeyuki kirahisi, inafunika ukoko juu na kazi inaishia hapo. Yaani nililala najisifu kumbe napiga dari ndani ya bomba la choo. Asubuhi mpini ukagoma, nikalazimisha, mpira ukachomoka kwenye pampu na vyote vilivyokuwemo vikaja kifuani, asidi na wenzake. Shati likatoboka toboka nikiwa nimelivaa. Juu wageni wameshavaa maboya wanasubiri kwenda kisiwa cha Mbudya, na harufu ikawafikia kabla yangu. Hela ikarudishwa, pampu ikafa maana raba za ndani ziliharibika, spea ikaagizwa nje, tajiri akanikata mshahara. Fundi nikimpigia hapokei, labda betri imekufa.

Sasa shika hili: mpira ulioziba HAUMIMINIWI KITU, UNATOLEWA. Koki ya chini inayotokea baharini funga kwanza, hakikisha imefunga kweli, la sivyo utazamisha boti na bisibisi mkononi. Legeza klampu, mpira ukig'ang'ania umwagie maji ya moto mwishoni utalainika, toa nje, peleka gati uupige chini kama pweza. Zungusha, piga tena. Wangu ni wa inchi moja na nusu, tundu lilikuwa limebaki la kupitisha kidole tu, ukoko ukawa unadondoka vipande vigumu vya kijivu, vingine vimejikunja kwa umbo la mpira.

Na asidi yoyote ile usikutanishe na jiki, inatoa gesi ya klorini na chooni kwenye boti huna pa kukimbilia.

Siki ni ya kuzuia tu, mwaga usiku choo kikiwa hakina mtu, pampu kidogo iingie kwenye mpira, ilale humo. Na anayekojoa apampu mpaka mkojo wote utoke nje ya boti, sio mara mbili kaondoka. Wageni hawasikii, nimebandika karatasi mlangoni wanaipiga picha.

Kabla hujagusa kitu tupia picha ya hiyo koki hapa, kama imeshika kutu usiilazimishe boti ikiwa majini.