Mifupa inauma? Sema wapi, na saa ngapi

Namuuguza mama yangu, aliyekuwa akiumwa mifupa, hapa Usa River, Arusha. Majirani wakija kuniuliza alitumia dawa gani, huwajibu kwamba dawa ya mama huenda isiwafae wao. Mifupa huuma kwa sababu nyingi, na diklofenaki, ile dawa ya kutuliza maumivu ya duka la dawa, huzinyamazisha zote vilevile, mpaka ianze kuchubua tumbo na kuumiza figo.

Maumivu yakiwa kwenye goti au nyonga, yakazidi ukipanda ngazi na kupoa ukipumzika, mara nyingi kilicholika ni kiungo. Ya mama yalikuwa ya ndani kwa ndani. Daktari alimbonyeza ugoko kwa kidole gumba, mama akaruka. Swali lililofuata: "Bibi, jua unaota?" Kutwa yuko ndani, na akitoka amejifunika gubigubi. Damu ikapimwa, vitamini D, ile ya kuimarisha mifupa ambayo ngozi huitengeneza ikipigwa na jua, ikakutwa chini sana. Jua la Tanzania halisaidii kitu kama haligusi ngozi. Siku hizi, pamoja na vidonge alivyoandikiwa, saa nne asubuhi anakaa uani akichambua mchele, mikono na miguu wazi.

Sisi wa huku Meru tuna na letu: maji. Meno ya kahawia tumeyazoea, lakini floraidi, madini ya majini yanayoyatia rangi hiyo, hujikusanya mifupani miaka na miaka, ikakakamaza mgongo na hata kupinda miguu ya watoto. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya huku vinakipita mbali. Kuchemsha hakuiondoi, maji ndiyo yanayopungua, yenyewe inabaki sufuriani. Kwetu maji ya mvua ni ya kunywa na kupikia, ya bomba ni ya kufulia. Wapo wanaochuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kazi iliyofanyiwa utafiti kwa miaka mingi pale Ngurdoto. Magadi kwenye makande nimeyaacha, nayo yana floraidi.

Yapo maumivu yasiyosubiri. Mtoto mchanga aliyevimba viganja na nyayo, analia akiguswa, apimwe selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mgongo unaouma wiki baada ya wiki, mtu anakonda na kutoka jasho usiku, huenda ni kifua kikuu cha uti wa mgongo, hata kama hakohoi. Na anayeamshwa usiku na maumivu, hasa aliyewahi kuugua saratani ya matiti au tezi dume, asikae nyumbani kujikanda.

Chakula? Dagaa, waliwe wazima na miiba yao. Mtindi. Ufuta. Mtu mzima anahitaji takriban miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku, na mwanamke aliyepita miaka 50 kama 1,200, kwa kuwa hedhi ikikoma mifupa hupungua kwa kasi. Supu ya kongoro ni tamu, siikatai, ila kalsiamu yake ni kidogo kuliko tunavyoaminishana.

Vile vikopo vya unga wa "dawa ya mifupa" vinavyouzwa kwenye mabasi sinunui. Dawa za namna hiyo zimewahi kukutwa zimechanganywa na steroidi, dawa kali za kushusha uvimbe: maumivu yanaisha upesi, huku mifupa ikidhoofika polepole. Kama umezinywa kwa miezi, usiache ghafla, ni hatari. Nenda hospitali, na kopo lenyewe ulibebe.