Kuzima swichi kuu si kuzima nyumba: soma kabla hujaagiza kifaa cha kufuta kelele

Ghairi oda hiyo leo, kabla mzigo haujafika forodhani. Umeandika kwamba kelele ya S8 (S ni daraja la nguvu ya mawimbi linalosomwa kwenye mita ya redio) imekukalia kwenye bendi ya mita 40 ya redio ya ridhaa, yaani masafa ya karibu 7 MHz, hapo Kiamunyi, Nakuru, kwamba ulizima swichi kuu ukasikiliza kwa betri ya gari na kelele ikabaki palepale, na kwamba kwa hiyo chanzo ni nyaya za umeme za barabarani. Sasa unauliza ununue kifaa kipi cha kufuta kelele, na daipoli, antena yako ya waya, uiinue hadi mita ngapi. Mimi nilifikia hitimisho hilohilo nikiwa Mamboleo, Kisumu, kwa jaribio hilohilo, na lilinigharimu fedha ambazo mama watoto hajaacha kuzitaja mpaka leo.

Kuzima swichi kuu hakuzimi nyumba. Kunazima tu vile vitu vinavyotegemea umeme wa volti 240 moja kwa moja. Kwa jinsi umeme unavyopoteapotea huku kwetu, nyumba zimejaa vitu vilivyotengenezwa makusudi visizimike: UPS (betri ya akiba) ndogo ya rauta, inveta, taa za sola, king'ora cha wezi, fensi ya umeme yenye betri yake. Ukishusha swichi kuu, baadhi ya vitu hivyo ndiyo kwanza vinaanza kazi. UPS ya betri ya lithiamu, kwa mfano, inalazimika kupandisha volti chache za betri hadi 12 zinazotakiwa na rauta, na kazi hiyo inafanywa kwa kuukata na kuuunganisha mkondo makumi au hata mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde. Mikato hiyo huzaa mawimbi kwenye masafa yake yenyewe, kisha kwenye mara mbili ya masafa hayo, mara tatu, na kuendelea hadi kukufikia kwenye 7 MHz. Ndiyo maana ukizungusha kitafutio unakuta vilima vya kelele vilivyopangana kwa nafasi sawa, na vilima hivyo husogea polepole kadiri kifaa kinavyopata joto. Umesema yako inavuma mfululizo na inahamahama. Cheche za nguzoni hazihamihami hivyo. Zenyewe hukwaruza kwa mpigo wa mara 100 kwa sekunde, mara mbili ya hezi 50 za umeme wetu, na mara nyingi hubadilika mvua ikinyesha.

Aliyenipotosha ni mwenzetu wa kundi moja la simu, mtu mwenye leseni ya miaka mingi na maneno mengi kuliko miaka hiyo. Aliniambia, "Zima meni; kelele ikibaki ni ya nje, hakuna mjadala." Nami sikujadili. Nilimkabili jirani kuhusu fensi yake ya umeme, naye, kwa uungwana ambao sikuustahili, akaizima mbele yangu, na mita haikutikisika. Ningetumia masikio yangu nisingemsumbua, kwa sababu fensi hutoa pigo moja kila baada ya sekunde moja hivi, tap, tap, tap, na yangu ilikuwa ni mvumo usiopumua. Tangu siku hiyo tunasalimiana kwa mbali, na mbuzi wake akiingia kwangu sisemi kitu.

Kisha nikaagiza kifaa cha kufuta kelele, kama unavyotaka kufanya. Muuzaji alikieleza kama dawa ya kila ugonjwa. Ukweli ni kwamba kifaa hicho huchukua kelele kutoka kwenye antena ya pili, huigeuza awamu (mawimbi yake yapande pale yale mengine yanaposhuka) na kuipunguza hadi ilingane na ile iliyo kwenye antena kubwa, halafu hizo mbili huuana. Kina manufaa pale chanzo ni kimoja na kiko mahali usipoweza kukizima, kama nyumba ya mtu mwingine. Hata hapo, ukihama bendi unaanza kurekebisha upya. Mimi nilikaa usiku baada ya usiku nikizungusha vifundo viwili kama mwizi mbele ya sefu, nikashusha kelele kidogo, nikafurahi, nikahama kilohezi chache, ikarudi. Na kwa kuwa hukaa kati ya redio na antena, lazima waya wa PTT, unaokijulisha kwamba umebonyeza kipaza sauti, uunganishwe ili kijiondoe njiani unaporusha. Jambo hilo lilikuwa limeandikwa kwa herufi ndogo kwenye karatasi ambayo muuzaji hakuitaja na mimi sikuisoma. Nilibonyeza kipaza sauti, wati 100 zikapita katika sakiti iliyotengenezwa kusikiliza tu, na chumba kikanuka plastiki iliyoungua. Naweza kujitetea kwamba kwa sekunde ile moja kelele ilifutika kabisa.

Kilichoniokoa ni giza. Jioni moja umeme ulipotea mtaa mzima, nikawasha redio kwa betri, na kelele ilikuwa S8 kama kawaida. Hapo mtu mwenye akili zake angesimama, kwa kuwa nyaya zisizo na umeme haziwezi kutoa cheche, kwa hiyo nadharia ya nguzo ilikuwa imekufa; mimi nikaamua kwamba kuna jenereta mahali fulani. Saa kadhaa baadaye mwanangu akapaza sauti kutoka sebuleni kwamba intaneti imekatika. Papo hapo redio ikanyamaza. Mita ilianguka hadi S3, na mahali palipokuwa na mvumo nikamsikia mtu akizungumza kwa sauti ya kawaida, pengine kama alivyokuwa akizungumza majuma yote yale. UPS ya rauta ilikuwa imeishiwa chaji.

Nilikwenda kuitazama kwa tochi. Ilikuwa nyuma ya televisheni, kijisanduku cheupe kilichotoshea kiganjani, na waya wake mwembamba wa volti 12, uliokuwa mrefu kupita kiasi, ulikuwa umekunjwa na kufungwa kwa raba, ukiegemea kebo ya koaksi, ile ya antena, iliyoteremka kutoka dirishani kuelekea kwenye meza yangu. Kelele ilikuwa ikipanda juu ya ganda la kebo na kuingia kwenye antena. Kila daraja la S ni desibeli 6, kwa hiyo kutoka S8 hadi S3 ni desibeli 30. Nguvu ya kelele ilikuwa imegawanywa kwa 1000 kwa kufa kwa kijisanduku nilichokinunua mwenyewe, na nikamsifu aliyeniuzia.

Sasa fanya jaribio upya, safari hii likamilike. Redio iwe kwenye betri, kompyuta na chaja yake zizimwe, swichi kuu ishushwe, kisha utembee chumba kwa chumba ukichomoa kila kitu chenye betri ndani yake hadi pasibaki taa hata moja, ya kijani wala nyekundu. Paneli za sola usizisahau, maana kidhibiti chaji kinaweza kuvuma mchana kutwa na kunyamaza usiku, kikakufanya udhani ni hali ya anga. Kisha chomoa antena kwenye redio: kelele ikikoma, ilikuwa ikiingia kupitia antena, ikibaki, iko kwenye redio yenyewe au nyaya za betri. Rudisha antena, washa kimoja kimoja, na macho yawe kwenye mita. Usifanye haya jioni wingu likiwa limejikusanya, kwa sababu radi za huku ziwani, na za Kericho pia, hukwaruza bendi ya mita 40 vibaya, na hizo hazina swichi. Kama una redio ndogo ya AM ya betri, itembeze karibu na vitu mahali pasipo stesheni. Kikihusika kimojawapo, itakupigia kelele usoni.

Ukimpata mhalifu na bado unamhitaji, usiishie kwenye vile vibanio vya feraiti (kauri yenye chuma, ya kuzuia kelele kwenye waya) vinavyouzwa kwa pakiti. Waya ukipita mara moja tu ndani ya kibanio, kwenye 7 MHz kinafanya kazi ndogo sana. Tafuta pete kubwa ya feraiti ya mchanganyiko namba 31, uzungushe waya ndani yake mara nyingi kadiri utakavyoenea, kwa kuwa ukinzani hukua takriban kwa kipeo cha pili cha idadi ya mizunguko: mizunguko 10 hukaribia mara 100 ya mmoja. Fanya hivyo kwenye waya wa UPS, kwenye waya wa mtandao unaotoka kwenye rauta, na kwenye koaksi pale inapoingilia nyumbani. Suala la kimo cha daipoli nitalirudia siku nyingine.

Ukimaliza, andika hapa mita inasoma ngapi ukiwa umezima kila kitu, na inasoma ngapi ukiwasha UPS peke yake. Namba hizo mbili zitatusaidia kuliko ile ramani ya nguzo za umeme uliyotuchorea.