Weupe chini ya stika za Spitfire

Mkuu, umeuliza kwa nini stika za Spitfire yako, ile ndege ya kivita ya modeli, zina weupe chini yake. Hiyo ni hewa. Ulibandika juu ya rangi isiyong'aa, na rangi hiyo ukiigusa ni kama msasa laini, hewa inanasa humo. Safari nyingine piga vanishi ya kung'aa kwanza, ikauke kabisa, bandika, ndipo umalizie na vanishi isiyong'aa. Hizo za sasa zitoboe kwa ncha ya sindano, pakaza siki yenye maji kidogo, kandamiza taratibu kwa kitambaa. Halafu masika haya ya Moshi usipulizie rangi mvua ikinyesha, rangi inakauka na weupe kama ukungu. Mimi niliharibu bawa zima hivyo, nikarudi kwenye msasa.